Pikipiki Inapochoka Juu ya Kilosa

Bodaboda wa Kilosa akiniambia kwamba akienda Mikumi pikipiki yake inamisi kwa sababu ya mwinuko, namwomba kwanza afungue kichujio cha hewa. Miji hiyo yote miwili iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ndiyo ya kule. Mlima hasa unaanza ukikata magharibi kupandisha Ukaguru au Rubeho, ambako vilele vinapita mita 2,000, au ukitoka Mikumi ukaikabili Kitonga kuelekea Iringa.

Huko juu hewa ni nyepesi kweli. Ukifika mita 1,500 imepungua kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na Kilosa mjini. Mita 2,000, karibu asilimia 14. Silinda inajaa kipimo kilekile, ila kilichojaa ni chepesi. Kabureta nayo haina namna ya kulijua hilo. Tundu la jeti halijabadilika, petroli inayofyonzwa haipungui kwa kasi ya hewa, basi mchanganyiko unalemewa na mafuta. Nguvu inapungua, silensa haikai, ukivuta mafuta kwa ghafla injini inakohoa, na plagi ukiifungua ina masizi makavu.

Tatizo ni kwamba masizi hayohayo huletwa na kichujio kilichoziba kwa vumbi la kiangazi. Huletwa pia na choki: asubuhi mlimani kuna baridi, mtu anaivuta ili iwake, anapakia abiria na kuisahau. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, angalia pikipiki inakuwaje ikishuka. Ugonjwa wa mwinuko huja polepole kadiri unavyopanda, na bondeni unapona wenyewe. Wa uchafu unateremka nao hadi kijiweni.

Petroli yenyewe ndiyo ninayoishuku zaidi. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini chupa inayouzwa mezani kando ya njia nani ameipima? Mimi hukinga chupa ya plastiki inayoonyesha chini ya kabureta, nikalegeza skrubu ya chini ya bakuli, mafuta yakatoka. Kisha naiinua kwenye jua. Kama kuna maji, yamelala chini ya petroli kama shanga, na ukiinamisha chupa yanateleza yakiwa yameshikana. Masika ndiyo yanaonekana zaidi, hasa kwa wanaoacha pikipiki nje usiku. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo. Hayo utayajua kwa moshi na kwa injini kugonga ukipanda.

Kuna na kitundu cha pumzi kwenye kifuniko cha tangi. Kikizibwa na tope, pikipiki inakwenda vizuri dakika kadhaa, halafu inazima kama imeishiwa. Fungua kifuniko. Ukisikia hewa inavutwa ndani na pikipiki ikawaka, usimlipe fundi wa kabureta.

Anayeishi huko juu na kufanya kazi hukohuko anaweza kurekebisha. Toa sindano ya kabureta, hamishia kibanio chake mtaro mmoja juu. Sindano itashuka na mafuta yatapungua. Skrubu ya silensa inataka umakini: ikiwa upande wa kichujio, kulegeza ndiko kunakopunguza mafuta, ikiwa upande wa injini, ni kukaza. Robo mzunguko, sikiliza, kisha robo nyingine.

Anayepanda asubuhi na kushuka jioni asiguse kitu. Mchanganyiko uliopunguzwa kwa ajili ya mlima, ukifika kwenye joto la Kilosa unakosa mafuta, injini inachemka, na nimeshapokea pistoni iliyotoboka katikati, tundu la kupitisha kidole, mwenyewe akiapa kwamba juu ilikuwa inavuta vizuri. Huyo namwambia apande kwa gia moja chini, na kama mgongoni kuna gunia la maharage, abiria asubiri safari ya pili.