Cali Si Kali



Juzi jirani yangu, mama wa Kisomali aliyehamia hapa Mombasa kutoka Kismayu, alinijia akitaka nimwandikie barua ya kubadilisha jina la mwanawe. Karatasi za mtoto zimeandikwa "Cali". Mwalimu aliposoma rejista akaita "Kali", darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo kijana anaitwa "Mbwa Kali", kama vile vibao vya kwenye mageti. Ni wiki ya pili sasa hataki skuli.

Mtoto huyu jina lake ni Ali. Mwaka 1972 Somalia ilichagua herufi za Kilatini, hizi hizi za Kiingereza, kuandikia Kisomali. Lakini Kiingereza hakina sauti ya 'ain wala ile ha nzito ya kooni tunayofunzwa madrasani. Basi c ikapewa kazi ya 'ain, na x kazi ya ha. Ndiyo maana Omar huandikwa Cumar, na Hassan huandikwa Xasan.

Wako watakaosema, "Kumbe Kisomali ni Kiarabu kilichoharibika!" Sivyo. Maziwa kwa Kisomali ni caano, na neno hilo halikutoka Uarabuni, ila 'ain imo.

Nilipokuwa nikisomea diploma, tulifunzwa kwamba udugu wa lugha haupimwi kwa maneno peke yake, kwani maneno huazimwa. Tazama vitenzi. Mwarabu husema aktubu (naandika), taktubu (yeye mwanamke), yaktubu (yeye mwanamume), naktubu (sisi). Msomali, katika vitenzi vichache vya kale kama kuja, husema imid (nilikuja), timid (alikuja mwanamke), yimid (alikuja mwanamume), nimid (tulikuja). Mwingereza hao wote huwaambia "came" tu.

Mpangilio kama huo si wa kuazima, ni wa kurithi. Kiarabu na Kisomali ni matawi mawili ya ukoo mmoja mkubwa, Kiafro-Asia, wala moja si mtoto wa jingine. Kiingereza ni ndugu wa Kijerumani. Kiswahili chetu kimeazima kitabu, saa na habari kwa Waarabu, lakini ninasoma, unasoma, tunasoma ni Kibantu kitupu. Kwa hivyo anayemcheka Msomali kwamba lugha yake ni Kiarabu kibovu, ajue nasi twatukanwa kwa tusi hilo hilo, na ni uongo kote kuwili.

Barua sikuandika. Nilifuatana na mama huyo hadi skuli, nikamwandikia mwalimu Cali na Ali kwenye karatasi moja, nikamweleza. Alisikiza, akakubali kulisoma jina sawasawa.

Wanafunzi bado. Hao ni wana wetu, na wanarudi kwetu jioni. Leo ukikaa nao chakulani, waambie: c hiyo ni 'ain, na mwenzao anaitwa Ali.