Kuoga kwa Beseni Moja: Shauri kwa Wanaokwenda Kazini kwa Kinga

Wengi wetu huku mashariki ya Congo twaenda kazini kwa baisikeli, ile tunayoiita kinga. Mwalimu apanda kinga, mwuguzi apanda kinga, karani na fundi vilevile. Kinga ni chombo kizuri. Haili mafuta, yapita mahali ambapo gari lakwama, tena yatia miguu na moyo nguvu.

Lakini iko taabu moja. Mtu akiisha kwenda kilometa 10 au 15, afika kazini na jasho mgongoni, vumbi jekundu usoni, na mafuta meusi ya mnyororo vidoleni. Huko kazini hakuna chumba cha kuogea. Basi afanya moja la mambo mawili. Pengine aingia kazini hivyo hivyo, naye ashika kidonda cha mgonjwa, au chakula, au mtoto mchanga, kwa mikono yenye uchafu wa njia. Ama wenzake wamcheka kwa sababu ya harufu, aona haya, aiacha kinga nyumbani, na kila siku alipa pesa ya pikipiki hata mshahara wapungua mezani kwa watoto wake.

Mambo haya mawili si mazuri, wala si ya lazima. Mtu aweza kusafisha mwili wake wote kwa maji kidogo, mahali po pote penye kificho. Wauguzi wafahamu jambo hili, kwa maana wao huosha wagonjwa kitandani, tangu uso hata nyayo, kwa beseni tu. Maarifa yale yale yatamfaa mtu mzima anayetoka njiani.

Jasho ni nini?

Watu wengi wafikiri ya kuwa jasho ni uchafu. Sivyo. Jasho ni maji yenye chumvi kidogo, nayo yatoka katika matundu madogo ya ngozi ili kuupoza mwili. Unapokanyaga kinga, robo moja tu ya nguvu ya misuli yaenda katika magurudumu. Sehemu kubwa inayobaki yageuka kuwa joto, na joto hilo lazima litoke.

Jasho jipya halina harufu mbaya. Harufu yaletwa na vijidudu vinavyokaa katika ngozi, hasa makwapani na mapajani, vinapokula jasho la mahali pale. Ndiyo sababu manukato hayasaidii. Manukato yafunika harufu tu, lakini vijidudu vyabaki na kuendelea na kazi yao. Sabuni na kitambaa ndivyo vinavyoviondoa.

Pumzika kwanza

Wengi hukosa hapa. Wafika, waoga mara moja, wavaa shati safi, na baada ya dakika 5 shati limelowa tena. Sababu yake ni hii: ulipokuwa njiani, upepo ulikausha jasho lako. Uliposimama, upepo ulikoma, lakini joto lilikuwa lingali ndani ya mwili. Kwa hiyo jasho lazidi kutiririka.

Basi, fanya hivi. Kilometa ya mwisho nenda polepole. Ukifika, keti kivulini dakika 10, fungua vifungo vya shati, kunywa maji safi. Ngoja mpaka jasho likome, ndipo uoge. Kwa hiyo toka nyumbani nusu saa mapema kuliko desturi yako.

Vitu vinavyotakiwa

Hivi vyatosha: bidoni moja ya lita 5 yenye maji, beseni ndogo, kipande cha sabuni, vitambaa viwili, na taulo. Shati la kazi likunje vizuri, ulitie ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisiingie. Njiani vaa nguo nyingine ya zamani.

Mahali pa kuogea ni rahisi kupata. Simamisha miti minne nyuma ya nyumba, zungusha majani au mikeka, na chini tandika mawe madogo ili usikanyage matope. Weka mlango unaofungwa kwa ndani, kwa maana wanawake pia wapanda kinga, nao wastahili kificho cha kweli. Chimba mfereji mdogo upeleke maji machafu kwenye migomba. Maji yasituame, yasije yakazaa mbu.

Utaratibu wa kuoga

Maji kidogo yahitaji utaratibu. Anza na mahali safi, umalize na mahali pachafu.

1. Nawa mikono kwa sabuni, ili usiyachafue maji ya beseni.

2. Tia lita 1 na nusu katika beseni. Kwa kitambaa cha kwanza futa macho, kisha uso, bila sabuni.

3. Paka kitambaa sabuni. Osha shingo, nyuma ya masikio, mikono, kifua, na makwapa. Makwapa yasugue vema. Kwa mgongo, shika kitambaa ncha mbili, ukivute huku na huku juu ya mabega na kiunoni.

4. Suuza kitambaa, kikamue, upanguse sabuni yote. Sabuni ikibaki ngozini yaweza kuleta mwasho.

5. Mwaga maji yale. Tia mengine lita 1 na nusu. Kwa kitambaa cha pili osha mapaja na sehemu za siri, kisha miguu mwisho.

6. Jikaushe kwa taulo, hasa katikati ya vidole vya miguu. Mahali palipo na unyevu ndani ya kiatu ndipo ukungu wa ngozi hupenda kukaa.

Kazi hii yatumia lita 3 na dakika 10. Lita 2 zinazobaki ni za mikono.

Mikono ina sheria yake

Mafuta ya mnyororo hayatoki kwa maji matupu. Paka mawese kidogo sana, sugua vidole mpaka weusi ulegee, futa kwa jani au kitambaa kikuukuu, halafu nawa kwa sabuni. Mafuta huyeyusha mafuta.

Kama wewe wawagusa wagonjwa, kuoga peke yake hakukutoshi. Nawa tena kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika moja kamili, kabla ya kumgusa mtu. Fahamu habari ya mganga Ignaz Semmelweis. Alifanya kazi katika hospitali kubwa ya Vienna, inchi ya Austria. Katika Aprili 1847, wanawake 18 hivi kati ya 100 walikufa kwa homa ya uzazi katika sehemu yake. Alitambua ya kuwa waganga walitoka kupasua maiti, wakaenda kuwapima wazazi. Aliwaagiza kunawa kwa maji yenye kloro, na katika miezi michache vifo vilishuka hata karibu 2 kati ya 100. Waganga wale hawakuwa watu wabaya. Walileta kifo kwa mikono yao bila kujua. Sisi twajua.

Maji gani?

Usiende kuoga ziwani au katika kijito kinachokwenda polepole kwa kuwa ni karibu na kazi. Huko wako konokono wanaotoa vijidudu vya bilharzia, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Kama huna maji mengine, yateke bila konokono, yatie katika pipa lenye kifuniko, yakae siku 2 kamili. Vijidudu vile vikikosa mtu wa kumwingia vitakufa. Lakini maji hayo si ya kunywa. Maji ya kunywa lazima yachemshwe.

Nguo yenye jasho

Usifunge shati la njiani ndani ya mfuko mpaka jioni. Lianike juani, juu ya kamba. Usilitandike juu ya majani wala chini kivulini. Yuko inzi anayetaga mayai katika nguo bichi. Mayai yakiisha kuanguliwa, vibuu vyangoja ndani ya nguo, na ukiivaa vyaingia katika ngozi, vyafanya uvimbe kama jipu. Kwa sababu hiyo, nguo zikiisha kufuliwa nyumbani, zipige pasi ya moto pande zote mbili, na hasa penye mishono.

Neno kwa mkuu wa kazi

Wewe uliye mkuu wa shule, wa zahanati, au wa karakana, usiwakemee watu wako kwa harufu yao kama hujawapa mahali pa kuoga. Wape kificho, pipa lenye kifuniko, na misumari ya kutundika nguo. Mtu aliyetoka mbali kwa nguvu ya miguu yake ameonyesha ya kuwa aipenda kazi. Mwachie nusu saa na beseni, naye atasimama mbele ya wagonjwa au wanafunzi bila haya.

Maulizo ya kukumbuka

1. Kwa sababu gani jasho lazidi kutoka mtu akiisha kusimama?
2. Harufu mbaya yatoka wapi, na kwa nini manukato hayaiondoi?
3. Twaosha nini kwanza, na nini mwisho?
4. Maji ya ziwani yakae siku ngapi kabla ya kuogea?
5. Kazini kwako, ni mahali gani panapofaa kusimamisha miti minne?