Iliitwa toi, sasa inaficha ulikopigia selfi

UMEPIGA selfi nyumbani, ukaihifadhi kwenye simu yako ya Android. Kama kamera imeruhusiwa kutumia GPS, ndani ya picha hiyo mna namba zinazoonyesha mahali hasa uliposimama. Kesho unaweka apu ya kuremba picha. Je, nayo itajua unakoishi?

Kwenye Android 11, iliyotoka 2020, apu isiyo na ruhusa ya kuona mahali haipewi namba hizo. Inafungua faili ileile, lakini sehemu hiyo inasomeka sufuri tupu. Faili yenyewe haijaguswa!

Ujanja huo unafanywa kupitia FUSE. Kwa kawaida, kazi ya kupanga na kutoa faili ni ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kosa dogo mle ndani linaweza kugandisha mashine nzima. FUSE inaitoa kazi hiyo nje: apu ikiomba faili, keneli inapeleka ombi kwa programu ya kawaida tu, na hiyo ndiyo inayoamua jibu. Ikianguka, keneli inaendelea na shughuli zake.

Aliyeianzisha ni Miklos Szeredi, na iliingia rasmi kwenye Linux mwaka 2005. Tangu hapo watu wameichezea kweli kweli. Kuna SSHFS, inayofanya folda ya seva iliyo mbali ionekane kama iko kwenye laptopu yako. NTFS-3G nayo iliwawezesha watu wa Linux kuandika kwenye diski za Windows.

Shida ni mwendo. Kila ombi linaingia kwa keneli, linatoka kwenda kwa programu, kisha linarudi. Mwaka 2011 Linus Torvalds, baba wa Linux, alisema mifumo ya faili ya aina hii haifai kwa lolote ila vitoi. Google wenyewe waliiacha kwenye Android 8 wakitafuta kasi, kisha wakairudia. Ukiniuliza, walifanya vyema: afadhali simu ichelewe kidogo kuliko kila apu ijue mlango wako.

Ila usijisahau. Apu ikiomba ruhusa ya mahali na ikapewa, inapata picha nzima nzima. Na mara nyingi ruhusa hiyo huja pamoja na ile ya picha, bila swali la pili. Kwa hivyo ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime mahali kabla ya kupiga.