Jibu Hili Nilipe Namba Gani?

Nikiwa mwaka wa tatu wa Sayansi ya Siasa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu alihitaji wanafunzi wawili wa kumsaidia utafiti. Nilidhani nitapewa dodoso na kutumwa kijijini. Nikakabidhiwa mafaili ya Hansard, yaani taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, na kuyasoma katika maktaba mpya tangu asubuhi hadi macho yanauma.

Jina Hansard ni la Thomas Curson Hansard, mchapaji wa London aliyechapisha mijadala ya Bunge la Uingereza karne ya 19. Ya kwetu iko kwa Kiswahili, na yeyote anayejua kusoma anaweza kuifuata. Hata makofi na vicheko vimo, ndani ya mabano. Mimi nilipangiwa kipindi cha maswali: mbunge anauliza, naibu waziri anajibu, kisha linakuja swali la nyongeza.

Mwalimu alitaka kujua kama mbunge wa viti maalum hujibiwa sawasawa na mbunge wa jimbo. Wa jimbo amepigiwa kura yeye mwenyewe. Wa viti maalum hupatikana kupitia chama chake, kwa uwiano wa kura ambazo chama kimepata. Ibara ya 66 ya Katiba inataka wanawake hao wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Je, serikali humuahidi mmoja zaidi ya mwenzake?

Ahadi haihesabiki mpaka mkubaliane ahadi ni nini. Kila jibu tulilipa namba: 0 kama halina ahadi, 1 kama ahadi ipo lakini haina muda, 2 kama umetajwa mwaka au fedha zilizotengwa. Mimi na mwenzangu tulisoma majibu yaleyale, kila mtu kivyake, halafu mwalimu akalinganisha. Kuna kipimo cha kazi hiyo kinachoitwa kapa, alichokitoa Mmarekani Jacob Cohen mwaka 1960. Huyatoa kwenye hesabu makubaliano ya kubahatisha, kwa sababu hata shilingi mbili zinazorushwa hewani na watu wawili zitaangukia upande mmoja mara nyingi tu.

Kapa yetu ya kwanza ilikuwa mbaya. Kilichotugawa ni maneno tunayoyasikia kila siku: “tumelipokea”, “tutalifanyia kazi”, “kadri fedha zitakavyopatikana”. Mwenzangu aliyapa 0, mimi 1. Tulibishana mchana mzima juu ya “upembuzi yakinifu na usanifu wa kina”. Kwake, kazi imeshaanza. Kwangu, barabara bado iko kwenye karatasi.

Ila jibu moja nililipa 2, naye akalipa 0. Lilihusu kujenga barabara kwa kiwango cha lami. Mwalimu alilisoma mara mbili, akavua miwani.

“Binti, nyumbani kwenu ni wapi?”

Nikamtajia wilaya. Ndiyo ileile. Jibu halikuwa na mwaka wala fedha. Mwaka niliutia mimi, kwa kuwa masika yakianza basi la kwetu hulala njiani na mama hutembea na mzigo kichwani. Niliona aibu, lakini mwalimu hakunigombeza. Kuanzia siku hiyo tulipewa majibu yaliyofutwa majina ya wabunge, majimbo na barabara, nikaandika kwa mkono wangu onyo kwenye mwongozo wetu wa namba: mwaka au fedha visipoandikwa ndani ya jibu lenyewe, hakuna 2. Tukakubaliana pia maneno yale yaliyotugawa yapewe namba gani, tukaanza upya faili la kwanza. Safari hii tulielewana sana.

Jioni hiyo nilimpigia mama, nikamsomea jibu lile lote.

“Mbona hilo nalijua?” akasema. “Mbunge aliyepita naye aliuliza, wakamjibu hivyohivyo.”

Usiku nilirudi kwenye Hansard za Bunge lililotangulia. Swali nililikuta, na jibu lake, karibu neno kwa neno. Kesho yake nilimpelekea mwalimu kurasa zote mbili. Alizilaza sambamba mezani, akafungua jedwali letu na kuongeza safu moja yenye kichwa: “Liliwahi kuulizwa?” Faili lililofuata nililianza na safu hiyo.