Barabara ya Namanga na wanaoikatiza

Barabara hupewa hadhi ya kuwa kuu kwa uamuzi wa dola, na uamuzi huo hauangalii upana wake wala ubora wa lami yake, bali safari inayotarajiwa kupita juu yake. Nchini Kenya herufi A hutengewa barabara zinazounganisha vituo vyenye umuhimu wa kimataifa, zinazovuka mpaka wa nchi au kuishia bandarini. Herufi B ni ya zile zinazounganisha miji mikubwa ya taifa. Na kuanzia C hadhi hushuka hatua kwa hatua mpaka kufikia vijia vya vijijini vinavyomfikisha mkulima sokoni. Barabara inayochepuka kutoka ile ya Mombasa pale Athi River, ikapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Ilbisil hadi kufika Namanga, takriban kilomita 136 kutoka mwanzo wake, imo katika daraja la A. Ilijengwa kwa ajili ya mtu au mzigo unaotoka mbali kwenda mbali, ambao hauna haja na Kajiado isipokuwa kuipita. Hata hivyo, anayetaka kuielewa historia yake hana budi kuwatazama pia wale ambao tangu mwanzo walikuwa wakiikatiza kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, kwa maana hao ndio waliokuwapo kabla ya barabara yenyewe.

Desturi ya kuzitambua barabara kwa herufi na nambari ilitoka Uingereza, ambako Wizara ya Uchukuzi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilizipanga barabara zote zenye umuhimu katika madaraja ya A na B, ikazihesabu kuanzia London kana kwamba mji huo ni kitovu cha gurudumu na barabara ni njiti zake. A1, inayotoka London hadi Edinburgh kwa mwendo wa kilomita 660 hivi, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya kale ya magari ya farasi iliyojulikana kama Barabara Kuu ya Kaskazini. Sheria ya mwaka 1936 iliziondoa barabara za namna hiyo mikononi mwa mabaraza ya kaunti na kuzikabidhi kwa serikali kuu, kwa hoja kwamba njia inayoihudumia nchi nzima haiwezi kuachiwa bajeti ya kaunti inayopitiwa tu. Hoja hiyo bado inaishi nchini Kenya, ambako Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia barabara kuu, tofauti na zile za miji na za mashambani. Ndiyo sababu serikali ya Kaunti ya Kajiado haina mamlaka juu ya lami inayoipasua kaunti hiyo, ingawa ndiyo inayoulizwa na wakazi pindi msongamano unapowachosha Kitengela.

Jina nalo lilisafiri. Barabara Kuu ya Kaskazini ya Afrika ilikuwa ile iliyotoka kusini mwa bara, ikapita Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, ikaingia Tanganyika kupitia Tunduma, na kupanda kwa Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha hadi Nairobi. Anayeondoka Nairobi kwenda Namanga huelekea kusini, kwa hiyo jina hilo lilikuwa na maana kwa yule tu aliyeanzia safari yake Cape Town. Ndoto ya mkoloni wa Kiingereza Cecil Rhodes ya kuiunganisha Cape Town na Cairo ilikuwa ya reli na waya wa telegrafu; msafiri Ewart Grogan aliikamilisha safari hiyo hadi Cairo mwaka 1900, sehemu kubwa ikiwa kwa miguu, na msafara wa magari ulioongozwa na Chaplin Court Treatt ulichukua miezi 16, kutoka Septemba 1924 hadi Januari 1926. Leo mpango wa barabara kuu za bara la Afrika unaitambua njia hiyo kuwa ya nne, yenye urefu wa kilomita 10,228. Kipande cha Athi River hadi Namanga ni zaidi kidogo tu ya sehemu moja katika mia ya umbali huo wote.

Kwa miongo mingi kipande hicho kiliitwa A104, na nambari hiyohiyo ilivuka mpaka ikaendelea ndani ya Tanzania hadi Tunduma, jambo linaloonyesha kwamba nchi za Afrika Mashariki ziliwahi kuzihesabu barabara zao pamoja. Upangaji upya wa Kenya wa mwaka 2016 uliiunganisha na barabara ya Moyale, ikawa A2, yaani mstari mmoja kutoka mpaka wa Ethiopia hadi mpaka wa Tanzania. Makondakta wa Kitengela hawakusumbuliwa na mabadiliko hayo, kwa sababu kwao haikuwa A104 wala si A2. Ni barabara ya Namanga.

Mpaka wenyewe ni mgeni kuliko njia zinazoufikia. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yaliyokamilishwa mwaka 1890, yalichora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria ukiuzunguka mlima Kilimanjaro, na kuwagawa Wamasai kati ya tawala mbili bila wao kuulizwa. Upande wa Kenya, mapatano ya mwaka 1904 yaliwaondoa Wamasai katika Bonde la Ufa na kuwatenga katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Yale ya mwaka 1911 yakaifuta ile ya Laikipia na kuwasukuma wote kusini. Kajiado ni sehemu ya hifadhi hiyo ya kusini, na jina lake limetokana na Olkejuado, maana yake mto mrefu. Mji ulikua kwa sababu ya reli, kwa kuwa njia ya tawi kutoka Konza kwenda kuchukua magadi ya Ziwa Magadi, iliyokamilika mwaka 1915, ilipita hapo ikitoka mashariki kwenda magharibi. Hivyo, mshindani wa kwanza wa barabara ya kwenda Namanga aliyepewa nguvu na dola alikuwa reli inayoikatiza.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoipa njia ya kusini uzito wake. Mnamo tarehe 3 Novemba 1914 jeshi la Uingereza lililokuwa limepiga kambi Namanga liliwashambulia Wajerumani katika mlima Longido, likalazimika kurudi nyuma, mojawapo ya sababu ikiwa ni nyumbu wa kubeba maji kutimka na mizigo yao. Mwezi Machi 1916 kikosi kizima kilichoongozwa na Jenerali Stewart kilianzia Longido kuzunguka Kilimanjaro. Jeshi la aina hiyo halisogei bila chakula, risasi na maji kufuata nyuma yake, na katika nchi kame visima na mito ndivyo vilivyoamua wapi msafara utalala. Hata leo vituo vikubwa vya barabara hii vimekaa karibu na maji, kuanzia mto Kitengela hadi mto Namanga ulio chini ya Oldoinyo Orok, mlima mweusi. Jina la Maili Tisa, soko dogo kati ya Ilbisil na Namanga, ni kumbukumbu ya nyakati ambapo umbali ulihesabiwa kwa maili, kabla kilomita hazijachukua nafasi.

Ugumu wa kuijenga barabara hii umejificha chini, hasa katika tambarare za Athi na Kapiti, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi, maarufu kama udongo wa pamba, umetanda juu ya mwamba wa volkano. Udongo huo hunywa maji ukavimba wakati wa masika, kisha hukauka ukasinyaa na kupasuka nyufa ambamo mguu wa mbuzi huweza kuzama. Lami iliyolazwa moja kwa moja juu yake huinuka na kushuka pamoja nao hadi ikatike. Kwa hiyo wahandisi huuchimba na kuutupa, wakajaza murram iliyoshindiliwa, au huuchanganya na chokaa ili upunguze uvimbe. Kisha hufuata tabaka la chini la msingi, tabaka la msingi la mawe yaliyosagwa, na mwisho lami, ambayo kazi yake kubwa ni kuzuia maji na kuvumilia msuguano wa magurudumu. Uzito wa gari hubebwa na matabaka ya chini. Msafiri husifu kile anachokiona, lakini fedha nyingi zimezikwa asipopaona.

Matabaka hayo huharibiwa zaidi na uzito wa ekseli, yaani mtaimbo unaobeba jozi ya magurudumu, kuliko wingi wa magari. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito, maana yake ekseli yenye uzito maradufu huharibu mara 16, na ile ya tani 12 huharibu karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Hii ndiyo hesabu iliyo nyuma ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, inayoweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne na tani 56 kwa lori zima, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa mizani pale Isinya. Dereva anayeona mizani kama mtego wa kumchelewesha ana haki ya kulalamikia foleni, ila hana hoja dhidi ya kipeo cha nne.

Barabara kuu ya kimataifa hutegemea pia hali ya mpaka, na Namanga iliwahi kulijua hilo kwa uchungu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba njia iliyochorwa kuwa kipande cha Cape Town na Cairo iligeuka kuwa barabara ya kwenda mbuga ya Amboseli na kurudi. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, barabara kutoka Athi River hadi Arusha, jumla ya kilomita 240 hivi, ilichaguliwa kuwa miongoni mwa miradi yake ya mwanzo, ikajengwa upya kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani, na kuzinduliwa rasmi Novemba 2012. Mnamo tarehe 1 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli walifungua kituo cha pamoja cha mpakani. Katika utaratibu huo, maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja upande wa nchi inayoingiwa, hivyo msafiri au lori husimama mara moja badala ya mbili.

Yote hayo yanamhusu mpitaji. Kwa upande wa wanaoikatiza hadithi ni nyingine, na Kitengela ndiko inakosomeka vizuri zaidi. Tambarare zilizo kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, zilikuwa malisho ya nyumbu na pundamilia wakati wa mvua, kwa sababu mpaka wa kusini wa hifadhi uliachwa bila uzio. Wanyama walitoka, wakaikatiza barabara kuelekea mashariki, kisha kurudi wakati wa kiangazi. Ng'ombe wa Wamasai wa Ilkaputiei walizifuata nyasi zilezile. Sheria ya mwaka 1968 iliwaweka wafugaji katika ranchi za vikundi, ambamo ardhi ilimilikiwa kwa pamoja kwa hati moja, lakini kufikia miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama, kila mmoja akapata hatimiliki yake. Hati ilileta mnunuzi, mnunuzi akaleta ua. Wakati huohuo eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1990 karibu na Athi River, lilivuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji vyumba vya kupanga. Sensa ya mwaka 2019 iliwakuta watu 154,436 katika mji wa Kitengela, huku kaunti nzima ikiwa na watu 1,117,840.

Nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 walipungua hadi kubaki sehemu ndogo tu miongo mitatu baadaye. Mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasizungushe ua ulikuwa wa busara, ingawa haukuweza kushindana na bei ya ploti iliyo kando ya barabara kuu. Si haki kuilaumu lami peke yake kwa yaliyotokea, kwa kuwa hati na ua vilifanya kazi kubwa zaidi. Ila lami ndiyo iliyoamua ni upande gani ua utaanzia.

Wafugaji wangali wanaikatiza. Ng'ombe wanaotoka eneo la Matapato na ng'ambo ya mpaka hukutana na wanunuzi katika soko la mifugo la Ilbisil, na miaka ya ukame makundi hufuata kingo za barabara kuelekea Kitengela na hata viunga vya Nairobi, yakila nyasi za hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi ya umma uliotengwa kando ya lami kwa ajili ya upanuzi wa baadaye. Katika maeneo ambayo kila ekari ina ua, ukanda huo umekuwa malisho ya mwisho yasiyo na mwenyewe, na pale ambapo kundi linahitaji kwenda upande wa pili, mchungaji hutangulia hadi katikati ya lami na kuinua fimbo, na malori ya tani 56 husimama yakisubiri ng'ombe wa mwisho apite.