Mwezi unasogea mbali nasi: kwa sababu gani?

Katekista mmoja wa upande wa Ziwa Albert aliulizwa na wakatekumeni wake: "Tumesikia katika redio kwamba mwezi unaikimbia dunia. Ni kweli ama ni uongo? Siku moja usiku wote utabaki giza?" Hakujua jibu, akanyamaza. Lakini mwalimu akinyamaza mbele ya swali la haki, hofu inajibu pahali pake. Basi tujibu.

Kwanza: ni kweli. Mwaka 1969 Wamarekani walifika mwezini wakaacha kule vioo. Wenye elimu ya nyota, kama wale wa karibu na Grasse katika Ufaransa, wanapiga vioo hivyo kwa mwanga, kiisha wanapima wakati wa kwenda na kurudi: sekunde mbili na nusu hivi. Ndivyo walivyojua kwamba mwezi, ulio mbali nasi kilometa 384.000 hivi, unasogea sentimita 3,8 kila mwaka.

Pili: sababu yake. Mwezi unaivuta bahari, nayo inavimba upande unaoelekea mwezi na upande wa nyuma vile vile. Kwa hiyo watu wa Mombasa na Unguja wanaona maji yakijaa na kupwa mara mbili kila siku. Wavuvi wa Kasenyi hawaoni jambo hilo, kwani ziwa letu ni dogo mno. Sasa angalieni: dunia inajizungusha kwa siku moja, lakini mwezi unaizunguka kwa siku 27 hivi. Dunia, kwa mbio zake, inaupeleka uvimbe wa maji mbele kidogo ya mwezi. Uvimbe huo unauvuta mwezi kwenda mbele, na kwa nguvu hiyo mwezi unapanda mbali zaidi.

Ni kama watu wawili njiani: mwenye mbio anamkokota mwenzake kwa mkono. Huyu anapata nguvu, yule anachoka. Dunia nayo inachoka: siku zake zinarefuka pole pole. Mwaka 1963 Mwamerika John Wells alihesabu mistari ya matumbawe yaliyoishi zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, akaona kwamba mwaka wa zamani zile ulikuwa na siku 400 hivi.

Tatu: tuogope? Hata kidogo. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliagiza Wakristu wote washike Pasaka siku moja, nasi mpaka leo tunaihesabu kwa kufuata mwezi mpevu. Tangu Mtaguso ule mwezi umesogea metre 65 hivi, yaani haufikii urefu wa kiwanja cha mpira.

Tarehe 3 Novemba 2013 mwezi ulifunika jua lote, na kivuli chake kikapita Kongo mpaka Pakwach katika Uganda. Baada ya miaka mamia ya milioni utaonekana mdogo, hautaweza tena kulifunika lote. Ndiyo hasara yenyewe.

Basi, katekista, uwaambie watu wako: mwezi unasogea kweli, lakini wajukuu wa wajukuu wenu watatembea usiku kwa mwanga wake.