Chemirocha si jina la kuchekwa

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika Mashariki na mitambo ya kunasia sauti, alifika Kapkatet, huko Bureti, katika nchi ya Wakipsigis. Miongoni mwa nyimbo alizozirekodi hapo zilikuwamo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Ule wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na kikundi cha wasichana, huku ikipigwa chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo, ndio uliokuja kupata sifa duniani. Tracey alieleza kwamba Chemirocha alikuwa ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini, na kwamba wasichana wale walimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu paa, wakimhimiza acheze na kurukaruka mpaka nguo zimvuke.

Tangu hapo kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu kwa tabasamu la mtu anayewahurumia washamba. Eti wanakijiji walisikia sauti itokayo ndani ya sanduku, wakadhani ni jini. Mimi nimekuwa nikilitumia jina Chemirocha darasani katika somo la maneno ya mkopo, na kila mwaka wako wanafunzi wanaocheka kwanza, kisha wakanyamaza wanapoanza kulichambua. Nadai kwamba katika kisa hiki hakuna ujinga wowote. Kuna ustadi wa lugha, na kuna deni ambalo halijalipwa lote.

Kwanza tumjue mwenye jina. James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alifiwa na mama yake angali mtoto, na kwa kuwa baba yake alikuwa msimamizi wa mafundi wa njia ya reli, naye aliingia kazi ya reli akiwa kijana, hata akawa mshika breki wa garimoshi. Huko alikutana na vibarua weusi na nyimbo zao za huzuni, ambazo athari yake inasikika wazi katika muziki wake. Mwaka 1924 alipatikana na kifua kikuu. Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa.

Mwaka 1927 alikuwa na bendi ndogo iliyosafiri naye hadi Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, ambako Ralph Peer wa kampuni ya Victor alikuwa akitafuta waimbaji wapya. Kabla ya kurekodi, wakagombana. Waligombania jina: ni lipi lingeandikwa kwenye santuri? Wenzake wakajitenga naye. Tarehe 4 Agosti 1927 Rodgers akaimba peke yake, yeye na gitaa lake, nyimbo mbili tu. Novemba mwaka huohuo alirekodi wimbo uliomfanya maarufu, ambamo sauti yake huruka ghafla kutoka kifuani hadi ile nyembamba ya juu, kama wafanyavyo wachungaji wa milima ya Alps. Mwaka 1930 alirekodi na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri. Hakuishi kuyafaidi sana. Mwezi Mei 1933 alikwenda New York kurekodi akiwa mgonjwa mno, ikabidi atandikiwe kitanda cha kupumzikia studioni. Siku mbili baada ya kurekodi wimbo wa mwisho, tarehe 26 Mei, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 35. Wamarekani humwita baba wa muziki wa kantri.

Sasa turudi Kapkatet, miaka 17 baada ya kifo hicho. Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi maneno kwa sauti ghuna na zisizo ghuna za aina ya "j" na "ch". Mzungumzaji aliyesikia "Jimmie" alilipokea kwa "ch" yake mwenyewe, na "dge" iliyo katikati ya "Rodgers" ikafuata njia hiyohiyo. Mwisho wa jina ukafunguliwa kwa irabu, "s" ikadondoka. Hadi hapo ni kazi ya masikio na ulimi. Lakini tazama mwanzo wa neno: Che-. Huu ni mlango mkubwa wa majina ya Kikalenjin. Wako akina Chebet, Chemutoi na Chepkemoi. Wako pia wanaume waitwao Cheruiyot na Chepkwony. Hata chepkong yenyewe imeingilia mlango huo. Jina la mgeni lilipofika, lugha ililikuta na kitu kinachofanana na kiambishi chake, ikalikalisha miongoni mwa wenyeji.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haki ya kushangaa. Waarabu walituletea "kitab", sisi tukaona "ki-" mwanzoni, tukasema kitabu, vitabu. Hakuna aliyetucheka kwa hilo, na wala hatukufanya hivyo kwa kutojua. Neno la mkopo huingia nyumbani kwa masharti ya mwenye nyumba. Lugha inayoweza kufanya hivyo ni lugha yenye afya.

Na yule paa je? Maelezo tuliyo nayo ni ya Tracey, nasi tukumbuke kwamba waimbaji walikuwa wasichana, na wasichana wa popote hupenda utani. Hata hivyo, tukiyachukua yalivyo, sioni la ajabu. Kila ukoo wa Kipsigis una mnyama wake, na mtu hutambulishwa kwaye. Mgeni asiye na ukoo, anayesikika lakini haonekani, ambaye sauti yake huruka kama mnyama wa mbugani avukaye kichaka, angepewa umbo gani? Kwa maoni yangu, wasichana wale walikuwa wakifanya uhakiki wa muziki kwa lugha ya picha. Walimsikiliza Rodgers kwa makini kuliko wengi walionunua santuri zake.

Tusisahau pia mahali lilipotendeka jambo hili. Nyanda za juu za Kericho zilikuwa zimekwisha kugeuzwa mashamba ya chai ya makampuni ya kigeni tangu miaka ya 1920, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mengi yaliyotoka ng'ambo yalikuja kuchukua. Katika wimbo huu, Wakipsigis ndio waliochukua.

Lipo deni, hata hivyo. Sauti za Kapkatet zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na ambayo baadaye ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes. Zilipita zaidi ya miaka 60 ndipo maktaba hiyo, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ikarudisha nakala kwa jamaa za waimbaji na kwa waimbaji wachache waliokuwa wangali hai. Ni jambo la kusifiwa. Lakini nakala mkononi mwa familia haitoshi.

Mtaala wa umilisi umezirudisha lugha zetu za kiasili katika madarasa ya chini. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zina nafasi ya kuhakikisha kwamba mtoto wa Litein au wa Sotik anausikia wimbo huu shuleni, katika lugha yake, na kufundishwa jinsi jina la mshika breki wa Mississippi lilivyogeuka kuwa la kwao. Vilevile na wazee waulizwe, wakati bado wapo wanaokumbuka, akina nani waliimba siku ile.

Nasema hivyo kwa sababu ya lile gombano la Bristol. Rodgers alikuwa tayari kuachana na wenzake kwa ajili ya jina kwenye santuri, na jina lake likafika hadi Bureti hata baada ya yeye kuzikwa. Kwenye rekodi ya Kapkatet limeandikwa jina la Chemutoi Ketienya. Wenzake wameandikwa kwa neno moja tu: wasichana. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na si ajabu mengi yao yalianza kwa Che-.